Msusi Kaenda Moshi, Kichwa Kimebaki Lemara

Mtu akikuambia njoo umeshafumua, unafumua. Ndivyo tulivyozoeshwa. Msusi hataki kupoteza asubuhi yake akichokonoa rasta za miezi miwili, kwa hiyo unajifumua mwenyewe nyumbani, unaosha, unachana, unafika saluni na kichwa kama shamba lililolimwa linalongoja mbegu. Nikafanya hivyo. Siku chache kabla ya Krismasi nilimweka binti yangu katikati ya magoti nikafumua kichwa chake, kisha nikafumua changu, nikatuosha wote wawili. Asubuhi yake saa mbili tulikuwa mbele ya saluni, hapahapa Lemara, tumefunga vilemba, na mtoto amebeba mwenyewe kikopo chake cha shanga.

Kufuli.

Na si kufuli la mtu aliyechelewa kuamka. Chini yake alikuwa ameninginiza kipande cha boksi: TUMEFUNGA. TUTAFUNGUA BAADA YA SIKUKUU. TUNAWATAKIA WATEJA WETU KRISMASI NJEMA. Nikapiga simu.

“Dada, uko wapi? Mimi niko mlangoni kwako.”

“Mlangoni kwangu wapi?”

“Saluni!”

“Heee! Dada angu, mimi niko Himo hapa, tunapandisha Rombo.” Nyuma yake nilisikia jogoo anawika ndani ya basi.

“Unapandisha wakati uliniambia nije leo nimeshafumua?”

“Si nilikwambia uwahi? Siti imepatikana jana jioni, ningefanyaje? Nibaki huko nile Krismasi na draya?”

Ningependa kuandika kwamba nilimjibu kitu cha maana. Nilikata simu nikalipiga teke geti lake la chuma, na kidole gumba kikaniuma mpaka Mwaka Mpya.

Kila Desemba Wachaga wa mji huu wanafunga virago wanapanda kwao Kilimanjaro. Tunaobaki tunawatania kwamba wamekwenda kuhesabiwa. Tunacheka, tunafurahi barabara imepumua. Hakuna anayekukumbusha kwamba pamoja nao kaondoka fundi cherehani, kaondoka muuza nyama, na imeondoka karibu mikono yote ya mji huu inayojua kushika kichwa cha mwanamke.

Ingekuwa kichwa changu tu nisingepiga geti la mtu teke. Changu ningekifunga kitambaa hadi Pasaka. Tatizo lilikuwa kichwa cha mtoto.

Januari alikuwa anaanza darasa la kwanza, shule ya serikali. Karatasi ya maelekezo tuliyopewa siku ya kuandikisha ilikuwa na mstari mmoja katikati, baina ya soksi nyeupe jozi mbili na fagio moja la chelewa: nywele zinyolewe. Sababu haikuandikwa. Fagio lina sababu, soksi zina sababu, nywele hazina. Chekechea aliyokuwa anasoma ni ya mtu binafsi, walimwacha na mabutu yake. Kwa hiyo nilimweleza mapema, mwezi wa sita, maana sipendi mtoto ashtukizwe. Jioni akaja jikoni akasimama karibu na ndoo ya maji.

“Sawa,” akasema. “Lakini kabla hawajaninyoa nataka rasta. Ndefu. Za shanga zinazogonga. Niende nazo kwa bibi.”

Nikamwambia, Krismasi. Akasema, ahidi. Nikaahidi. Miezi sita mtoto anakusanya shanga kwenye kikopo cha siagi, nyeupe na bluu, anazimwaga, anazipanga, anazirudisha. Wiki mbili na ushee za rasta kabla ya shule, ndicho kitu pekee alichoniomba mwaka mzima, na mimi nimesimama mbele ya kufuli.

Tukaanza kutafuta. Kutoka Lemara tukaenda hadi Kwa Mrombo, tukazunguka soko lote na vichochoro vyake. Kufuli, boksi, kufuli. Mmoja ameandika NIPO SAFARI. Mwingine hakuandika kitu, kaacha mataulo kwenye kamba kama mtu aliyekimbia vita. Aliyekuwa wazi ni kinyozi mmoja, kijana wa Singida, mashine inanguruma.

“Karibu dada. Tunanyoa?”

“Unajua kusuka?”

Akacheka, na mteja wake aliyejaa povu kidevuni akacheka naye. “Dada, mimi natoa tu. Kuweka siweki.”

“Si umnyoe tu huyo mtoto,” mwenye povu akadakia. “Joto lote hili!”

Binti yangu alishika kilemba chake kwa mikono miwili. Nikamwambia yule baba anyoe ndevu zake aende nyumbani.

Tukaishia mjini, kwenye duka la vipodozi la mama mmoja wa Kihindi ambaye nimekuwa nikinunua kwake tangu niko kidato cha kwanza. Lilikuwa wazi, na limejaa.

“Wewe huendi kwenu?” nikamuuliza, kwa hasira zangu tu.

“Kwetu ni ghorofa ya pili hapo juu, mwanangu. Niende wapi?” Akanitolea rasta nyeusi, pakiti baada ya pakiti. “Nani anakusukia?”

“Mwenyewe.”

Akaiangalia mikono yangu kama anaangalia noti yenye mashaka. “Umeshawahi?”

“Nitajua.”

“Haya. Chukua na mafuta haya, nywele za mtoto zisikatike. Lakini mafuta ni baadaye, usipake kabla. Umenisikia?”

Nilisikia mafuta.

Naomba nieleweke hapa, maana nikisimulia habari hii watu wananiuliza, wewe mwanamke mzima hujui kusuka? Sijui. Nina miaka ishirini na sita, nimemaliza kidato cha nne, naweza kukuchorea tumbo la ng’ombe na vyumba vyake vyote vinne, naweza kukueleza usanisinuru ukiniamsha usingizini, na sijui kusuka hata butu. Msichana anajifunza kusuka kwa kusukana na wenzake barazani, leo kichwa hiki, kesho kile, wanasengenya huku vidole vinazoea. Sisi hatukuwa na vichwa vya kujifunzia. Tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne tulikuwa tumenyolewa, shule nzima, safu kwa safu kama viazi gengeni. Nilipokuwa kidato cha pili nywele zangu zilizidi kidogo. Ilikuwa wiki ya mitihani, sikupata wa kuninyoa. Mwalimu wa nidhamu akaniita mbele ya mstari, akapitisha mkasi kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni. Kuchora barabara, ndivyo walivyoita, na walicheka wakisema. Nikaingia kwenye mtihani wa Kiswahili na barabara yangu kichwani. Nilipata B.

Shule ilipoisha nywele zikaota, nami nikawa mtu mzima asiyejua la kufanya na kitu kinachoota juu ya kichwa chake mwenyewe. Tangu hapo nakalia kiti cha msusi kama mgonjwa. Akienda Moshi, nimekwisha.

Baba mtoto ni dereva wa watalii, na siku hiyo alikuwa nyumbani katikati ya safari mbili. Alitukuta sebuleni, mimi nachambua rasta, mtoto ameshikilia chanuo.

“Mnasumbukia nini?” akasema. “Si zinanyolewa Januari? Mnyoe leo, yaishe.”

“Na wewe si utakufa siku moja?” nikamwambia. “Tukuzike leo, yaishe.”

Akachukua sahani yake ya ugali akaenda kulia nje kwenye ngazi.

Kesho yake asubuhi nikaanza kazi. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimekauka kwa kuoshwa, nikakipaka mafuta kikang’aa, nikajiona najua. Rasta ya kwanza ilikaa. Ya pili ilikaa upande. Kufika ya sita mtoto machozi yanamtoka kimya kimya na mimi jasho linanitoka, na kichwa kinafanana na ufagio uliokanyagwa na gari. Nikameza hasira zangu nikampigia msusi wangu kwa video. Akapokea yuko uani kwao Rombo, amejifunga kanga, migomba nyuma yake.

“Geuza kamera nione mikono. Mungu wangu. Dada, unasuka mtoto au unafunga mbuzi?”

Nyuma yake mtu akapaza sauti kwa Kirombo, na mbuzi kweli akalia.

“Nielekeze, usinicheke.”

“Kamata tatu. Tatu! Ya kulia ipite juu. Juu, dada! Umepaka nini hapo mbona panang’aa?”

“Mafuta.”

“Umepaka mafuta kabla?” Akageuka akawatangazia watu wa kwao, “Kapaka mafuta kabla!” Wakacheka ukoo mzima. “Dada angu, sasa rasta itashika nini? Itateleza yote hiyo, na ukitaka isiteleze—”

Mtandao ukakata. Nilipiga mara nne. Bila shaka mbuzi alishakatwa naye.

Nikaendelea hivyo hivyo, kwa kiburi. Asubuhi ya Krismasi rasta kadhaa zilikuwa juu ya mto, zimelala zenyewe kama mikia. Kanisani, katikati ya pambio, mtoto akanivuta gauni: “Mama, nyingine imetoka.” Nikaificha kwenye pochi. Iliyofuata hatukuiona sisi. Mama wa benchi la nyuma ndiye aliyenigusa bega akaninyooshea kwa vidole viwili, mbali na mwili wake. “Mmeangusha,” akasema.

Tuliporudi nikazing’oa zote. Nikajaribu twende kilioni, mistari minne ya kurudi nyuma, mtindo ambao jina lake tu linakuonyesha ni wa mtu mwenye haraka ya msiba. Kwa kazi ile niliyofanya, hata kilioni wangeturudisha mlangoni. Mtoto akajitazama kwenye kioo cha kabati. Nilitegemea alie, nami nilishaandaa ukali wa kumnyamazishia.

“Basi, mama,” akasema. “Nitafunga kitambaa.”

Akachukua kikopo chake akakifunika. Heri angelia.

Siku ya pili ya Krismasi tukaenda Oldonyo Sambu, kwa wazazi wa mume wangu. Wao ni Waarusha, ndugu wa Wamaasai kwa lugha na mila, wa upande ule mkavu wa mlima, wanalima maharage na kufuga. Mimi ni Mmeru wa upande wa migomba, na miaka saba ya ndoa haijatosha kunifundisha Kimaasai cha kutosha wala kuzoea upepo wa kule. Lakini kilichonifanya ninyamaze njia nzima ni mama mkwe wangu na wembe wake. Mama mkwe hana unywele hata mmoja kichwani, na hajawahi kuwa nao. Hunyolewa mpaka anang’aa, kama wanawake wenzake wa rika lake. Mtoto wetu alipozaliwa alitaka atunyoe wote wawili, mama na mtoto, siku ya kumpa jina, kama desturi yao. Nikamruhusu kwa mtoto, kwangu nikakataa. Nilisema sitanyolewa tena na mtu yeyote maishani mwangu. Nililisema kwa sauti ambayo mkwe haitumii. Hajasahau. Sasa nampelekea mjukuu mwenye kichwa cha aibu, wiki mbili kabla ya kunyolewa. Nilijua atakachosema. Nilikuwa nimeshapanga na majibu.

Nilichosahau ni salamu. Kwao, mtoto hampi mkubwa mkono, anampa kichwa. Anakwenda mbele ya mkubwa anainama, na mkubwa anaweka kiganja juu ya utosi. Baba mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki nje ya nyumba, koti la kanisani juu, blanketi magotini. Ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na katika miaka yote hiyo maneno aliyoniambia mimi moja kwa moja ni marahaba na karibu. Mtoto akainama. Babu akaweka kiganja juu ya kilemba, na kiganja kikasimama. Kikapapasa kushoto, kikapapasa kulia.

“Humu mna nini?”

“Nywele, babu,” mtoto akasema. “Mama kazikosea.”

Mama mkwe akawa ameshafika na kukifungua. Akatazama. Akaizunguka kazi yangu pande zote kama mtu anayekagua ng’ombe mnadani. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza.

“Ni wewe umefanya hivi?”

“Ni mimi, mama.”

“Kwa hasira?”

“Kwa hasira.”

“Inaonekana.”

Hapo nikafunguka. Nikamwaga yote bila kupumua: kufuli, Rombo, kinyozi, mafuta, benchi la nyuma kanisani, karatasi ya shule, ahadi. Nikamaliza nimesimama wima namtazama usoni, nangoja aseme lete wembe.

“Mimi usinitazame,” akasema. “Tangu nizaliwe sijasuka kichwa cha mtu. Wanawake wa kwetu tulinyoa. Wa nywele ni huyo.” Akaelekeza kwa midomo.

Alikuwa anamwelekeza babu.

Babu akakohoa. “Acha mambo hayo.”

“Nasema uongo? Si ulikuwa unasuka rika lako zima? Wanatoka mpaka kule chini kwa miguu kuja kukupa vichwa.” Akanigeukia. “Kama si zile nywele, mimi ningemkubali huyu? Kwa sura ipi?”

Mume wangu aliweka chini kreti ya soda aliyokuwa ameibeba. “Baba? Unajua kusuka?”

“Ujana,” babu akasema, akitazama zizi. “Kabla ya ubatizo.”

Nilikuwa nimesikia kwamba vijana wa Kimaasai wanasuka wanawake Dar es Salaam. Nilikuwa najua, kama kila mtu anavyojua, kwamba morani walifuga nywele ndefu na kusukana wenyewe kwa wenyewe. Lakini kujua ni kitu kimoja. Kuoanisha habari hiyo na mzee huyu anayehesabu sadaka na koti lake la kahawia, hilo halijawahi kunipitia akilini. Kumbe hata mwanawe halijampitia.

Mtoto hakushangaa kabisa. Alikwenda mbele yake na kikopo. “Babu, unajua kuweka shanga?”

Mzee akatazama barabarani kama kuna mtu wa kanisani anapita. Hakuna.

“Lete kigoda,” akasema.

Akaanza kwa kufumua mistari yangu. Alinusa vidole vyake akakunja uso, akasema kitu kwa Kimaasai, na mama mkwe akaenda jikoni akarudi na jivu laini kwenye kibati. Alilisugua kwenye nywele za mtoto mpaka mafuta yangu yote yakanywewa na nywele zikakubali kushikika. Nikamtolea pakiti za rasta. Akaivuta moja, akainyoosha kwenye mwanga.

“Hizi ni nywele za nani?”

“Za plastiki, babu,” mtoto akamweleza.

“Mpe bibi afungie geti la ndama.”

Na bibi akaenda akafungia. Mpaka leo liko imara.

Alichotaka ni uzi mweusi, ule wa bibi wa kushonea. Akachukua nywele chache sana, pungufu ya nilizokuwa nachukua mimi, akazigawa mbili, akaongeza uzi kila upande, akasokota zote kwenda kulia. Halafu akazizungusha moja juu ya nyingine kwenda kushoto, akaachia. Ikabaki imekaa. Haikufumuka. Vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi, kikombe cha chai hukishika kwa mikono miwili, lakini pale vilikuwa vinajua njia vyenyewe.

Nikasogea kuona. Sikuwahi kuwa karibu naye kiasi kile, na naye hakuwa tayari kumwambia mkwe neno, kwa hiyo akampitishia mtoto.

“Mwambie mama yako ashike hapa.”

“Mama, shika hapo.”

“Mwambie asivute kama anang’oa magugu.”

“Mama, usivute kama unang’oa magugu.”

“Mwambie aache kuhema kwa hasira, ananipulizia.”

Mtoto akacheka, na kichwa kikacheza. “Usitikisike,” babu akasema, na kile kichwa kikatulia kama kimegandishwa.

Ilichukua alasiri ile na ya kesho yake, kwa sababu mikono ya mzee ilikuwa inachoka na kwa sababu kila akipita mtu barabarani aliificha chini ya blanketi. Mume wangu ilibidi alale huko, na mimi nikapika kwenye jiko la mama mkwe bila ugomvi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Za nyuma ya sikio la kushoto nilizisokota mimi. Mbili za kwanza zilifumuka. Ya tatu mzee aliishika, akaivuta kidogo, akamwambia mtoto, “Hii itafika Januari.”

Hazikuwa rasta nilizoahidi. Hazikufika mgongoni, ziliishia mabegani. Lakini shanga zilikuwepo, nyeupe na bluu, na mtoto alikimbia kuzunguka zizi, akizunguka tena, akisimama ghafla kusikiliza zinavyogonga zikichelewa kusimama. Mama mkwe alimtazama kutoka mlangoni.

“Uzuri wa nywele ni kwamba zinaota,” akaniambia. “Ungeniacha nikunyoe siku ile, sasa hivi ungekuwa nazo hizohizo.”

Hilo likanikasirisha upya.

Kwa sababu nilikuwa bado na hasira, nisiwadanganye. Miaka saba tumekula meza moja na mtu anayejua, na hakuna aliyejua kwamba anajua. Yeye kaficha kwa sababu ya kanisa, mimi nimekatwa kwa sababu ya shule, na katikati yetu mtoto analilia shanga mbele ya kufuli la Mchaga.

Januari msusi wangu akarudi. Alikuja nyumbani mwenyewe na ndizi za kupika begani, kuomba radhi kwa njia yao.

“Haya, niletee mtoto nimsuke vizuri sasa.”

“Kesho ananyolewa.”

Akatazama zile nywele, akashika moja, akaigeuza. “Nani kasokota hizi?”

“Babu yake.”

“Acha utani.”

“Na hii nimesokota mimi.”

Akaivuta. Haikutoka. Akaondoka, na ndizi akaacha.

Sikumpeleka kwa kinyozi. Jumapili alasiri nilimkalisha kwenye kigoda uani nikazikata mwenyewe kwa mkasi, moja moja, na kila niliyoikata nilimpa mkononi akaiweka kwenye kikopo, shanga yake ikiwa bado juu yake. Zilizobaki nikamalizia kwa mashine ya ndevu ya baba yake. Kichwa kilichotokea kilikuwa kidogo kuliko nilivyokikumbuka. Akakipapasa kwa viganja vyote viwili, taratibu, kutoka mbele hadi kisogoni.

“Mama,” akasema, “sasa kaa wewe.”

Mimi kichwa changu kilikuwa kichaka tangu siku ile ya kufuli. Kilemba kilikuwa kimeshaota mizizi. Nikakaa chini, yeye akapanda kwenye kigoda nyuma yangu na uzi wa bibi yake. Akachukua nywele chache. Akagawa mbili.

“Usitikisike,” akasema, kwa sauti ileile ya mzee. “Na usiheme kwa hasira.”

Alisokota tatu tu upande wa kulia kabla mikono yake haijachoka. Zimepinda, moja nene mbili nyembamba, kila moja na shanga. Nikasikia maharage yanaungua ndani nikayaacha yaungue.

Jumatatu tulikwenda shuleni. Langoni alisimama mwalimu wa zamu, mwanamke wa umri wangu, mwenye rasta mpya za kiunoni, za msusi aliyekwisharudi. Alikuwa anakagua wasichana kwa kuwashika vichwa. Binti yangu alipofika mbele yake aliinama vizuri, shingo chini, kama anavyomsalimia babu yake. Mwalimu akapitisha kiganja.

“Safi. Pita.”

Mtoto akabaki ameinama kidogo, anangoja aitikiwe. Nikamsukuma taratibu mgongoni, akaenda zake na fagio lake la chelewa.

Mwalimu akanitazama mimi. Kichaka upande mmoja, misokoto mitatu upande wa pili.

“Na huo, mama, ndio mtindo gani?”

“Kanisuka huyo uliyempitisha sasa hivi.”

Akacheka, akidhani namtania. Sikumtania. Nilirudi Lemara kwa miguu, bila kilemba, shanga zinanigonga sikioni kila hatua, na watu wakinitazama niliwatazama vilevile. Saa sita na nusu mtoto akarudi, vumbi mpaka magotini, akatupa begi mlangoni, akauliza uzi uko wapi.

Nikakaa chini.